Mkopo wa Yule Jamaa

Wifi yangu wanamwita Spika. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja wa kaka yangu, wale wanaume wanaokaa kwenye benchi upande wa pili wa ukuta wakisubiri kunyolewa, na wengine wala hawasubiri kunyolewa, wamekuja tu kuwakimbia wake zao. Walimpa kwa sababu sauti yake haihitaji umeme. Yeye anasuka upande huu, kaka ananyoa upande ule, na katikati kuna ukuta wa plaiwudi usiofika juu, maana duka zima lina feni moja na mwenye jengo alikataa katakata kufunga ya pili. Upepo unavuka, na maneno yanavuka nao. Mtu akisema neno kule kwenye kiti cha kunyolea, Spika humjibu huku mikono yake ikiwa kichwani mwa mteja, haangalii hata ukuta, na wanaume huvunjika mbavu.

Mimi ni msusi wa pili hapo. Kinyozi ni kaka yangu wa tumbo moja, na Spika ni mkewe. Nasema mapema ili usije ukadhani nina upande. Sina. Wote wawili nimewakasirikia kwa zamu, na mwenyewe nimejikasirikia pia, kwa sababu siku Spika alipomkata maini kaka yangu mbele ya watu, aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Sasa, upande wa wanaume kuna utaratibu wao. Mwanamume akiwa na jambo la aibu hasemi kwamba ni lake. Anasema, nina jamaa yangu. Jamaa yangu ameota jipu pabaya. Jamaa yangu amefukuzwa kazi na kila asubuhi anavaa tai anatoka. Benchi zima linajua jamaa ni nani, na hakuna anayeuliza. Wanamjadili huyo jamaa, wanamtukana kidogo, wanampa ushauri, na mwenye shida anaondoka na ushauri wake bila kuvuliwa nguo. Ni heshima wanayowekeana, na nitawasifu kwa hiyo hata kama mengine yao yote yananiudhi. Sisi wanawake hatuna mambo hayo. Kwetu mtu akiwa na jambo analilia hapohapo kwenye kiti, anataja la mumewe na la mama mkwe, na ukimkatiza anakasirika. Kwa hiyo Spika, pamoja na masikio yake yote yale, hakuwahi kuujua utaratibu wa ng'ambo. Alidhani, nami nilidhani wakati ule, kwamba wanaume wana marafiki wengi tu wenye matatizo.

Na kuna jambo lingine la kujua kuhusu Spika, nalo si la kuchekesha. Alipokuwa msichana wa shule, nyumba yao ilipigwa mnada. Baba yake alikuwa ameiweka rehani kwa ajili ya biashara ambayo haikufika popote, na hakumwambia mtu nyumbani. Siku ya siku dalali akaja na kengele mkononi, magodoro yakatolewa nje, na wanafunzi wenzake ndio kwanza walikuwa wanatoka shule. Wakapita palepale. Msichana mmoja waliyekuwa wakigombana darasani akatoka kwenye kundi, akamsaidia kubeba masufuria. Spika ananiambia mpaka leo kwamba yeye alishamsamehe dalali, lakini yule msichana, kwa huruma yake ile, hajamsamehe. Tangu hapo hakopi hata chumvi dukani. Ikiisha, watu wanakula chakula hakina chumvi na wanakaa kimya.

Kwa hiyo kaka alipokwenda kumposa, baba yake, ambaye siku hizi ni marehemu, aliuliza swali moja tu. Hakuuliza kazi wala ukoo. Aliuliza kama nyumba anayotaka kumpeleka mwanawe ina deni. Kaka akajibu kwamba haina. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka na akina shangazi, na nilimwamini kwa sababu alijibu haraka. Kumbe mtu akijibu haraka namna ile ujue alishajiandaa.

Nyumba yenyewe ni ndogo, vyumba viwili na sebule, na ua wa saruji nyuma ambako Spika anaanika nguo. Aliipenda kuliko mtu anavyopaswa kupenda nyumba. Kila mwaka anapaka rangi mlango wa mbele kwa mkono wake. Wageni wakija, kabla hata hawajapewa maji, anawaambia kwamba humu ndani hakuna tofali la mtu. Alikuwa akisema hivyo mbele ya kaka, na kaka alikuwa akisimama na kwenda kuangalia kitu jikoni. Tulimwona mtu mwenye haya, asiyependa kusifiwa. Nikikumbuka hilo peke yake natamani ardhi ipasuke.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi, pande zote mbili zimejaa. Kaka alikuwa akimnyoa fundi saa, yule mwenye kibanda pale nje, ambaye nywele hana ila huja kunyolewa hivyohivyo. Nikamsikia kaka anasema ana jamaa yake. Huyo jamaa, akasema, alinunua nyumba kwa mkopo wa benki kabla hajaoa, wakati ana ajira na mshahara wa uhakika. Sasa ajira imekwisha, anajitegemea, na benki imekuwa ikipandisha riba kila inapojisikia, mpaka malipo ya kila mwezi yamemfika shingoni. Imetokea benki nyingine iko tayari kuuchukua ule mkopo, kuilipa ile ya kwanza, na kuanza naye upya kwa riba nafuu. Kila mwezi angelipa kidogo, angepumua. Ila miaka ya kulipa inaongezeka, na kuna gharama za mwanasheria na za mtu wa kuja kupima thamani ya nyumba. Hapo akazima mashine. Akasema kuna jambo moja zaidi. Kwa kuwa jamaa sasa ana mke, benki mpya haiigusi nyumba mpaka mke asaini kwamba ameridhia, na mke hajui kama nyumba ina deni.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka hapo. Kaka yangu aliwahi kuajiriwa, alikuwa kinyozi wa hoteli kubwa mpaka hoteli ilipofunga chumba cha kunyolea na kukifanya stoo. Lakini sisi wawili hatukushtuka. Spika angeweza kuishuku dunia nzima, ile nyumba asingeishuku.

Benchi likaanza kazi yake. Mmoja akasema jamaa ahamishe mkopo mara moja, mtu kwanza apumue, miaka itajijua yenyewe. Mwingine akasema huko ni kuilisha benki mpaka uzeeni, akipiga hesabu ya mwisho ataona amelipa nyumba na nusu, afadhali ajibane na riba ya zamani amalize mapema. Fundi saa akasema hesabu zote hizo ni sawa na si sawa, inategemea jamaa ana pumzi kiasi gani, na mwenye kuijua pumzi yake ni yeye tu. Akasema kama mtu anaona mwezi ujao hafiki, asisubiri ufike, kwa sababu benki inampenda mtu wakati bado analipa, akishakosa haimjui tena. Nilimsikia vizuri. Sikujua kama yale ndiyo maneno ya maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Kisha kaka akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipaza sauti kidogo, akauliza, “Upande wa pili mnasemaje?”

Spika alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, anagawa nywele kwa mkia wa kitana. Hakusita.

“Mwambie jamaa yako asimsumbue mkewe na kalamu,” alisema. “Mwanamume anamlaza mkewe kwenye nyumba ya benki anamwambia ni yake? Huyo si mume, ni dalali aliyeoa. Mimi ningekuwa mkewe ningefunga virago leoleo, na kijiko nisingemwachia.”

Dalali aliyeoa. Nilicheka mpaka nikaangusha kitana. Wateja wetu wakacheka, mwanamke aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa kuuliza kimesemwa nini, tukamsimulia, naye akacheka peke yake baada yetu. Ng'ambo hakucheka mtu. Kulikuwa na kikohozi, benchi likalia, mashine ikawashwa. Halafu kaka akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba sawa, atamwambia.

Tangu siku hiyo Spika akamfanya yule jamaa kuwa mchezo wake wa kuigiza. Asubuhi kabla hata hatujachemsha maji ya kuchovyea ncha za rasta, ameshauliza ukutani kama yule mwizi amekwisha kukamatwa. Akiona pamepoa anatoa kipande kipya, kwamba amemwota jamaa amebeba mlango mgongoni akiupeleka benki. Kaka alikuwa akijibu kifupi, bado, hajambo, anaendelea. Na wale wanaume, wapenda utani wale, walikuwa wanageuka watu wa msibani. Mmoja angeuliza habari za mpira kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Tuliona wamepooza tu, pengine ni joto.

Kaka naye alianza kubadilika. Pikipiki yake aliiuza, akasema daktari amemshauri kutembea. Chakula cha mchana akaacha, akasema tumbo. Duka akawa analifungua kabla jua halijachomoza, akiwavizia wanaokwenda kazini mapema. Viatu vyake vikafunguka mbele, vikashonwa, vikafunguka tena. Mimi na Spika tukamsakama. Tulimwambia ana nyumba ndogo, hakuna mwanamume anayekonda na kupungukiwa hela kwa wakati mmoja bila nyumba ndogo. Tulikuwa tunamtania, ila nadhani Spika alianza kuwaza kidogo kwamba huenda ni kweli, kwa sababu alikuwa ananusa mashati yake kabla ya kuyafua. Maskini kaka yangu. Hakuwa na nyumba nyingine. Alikuwa na ile moja tu, na ilikuwa inamponyoka.

Kama si mke wa fundi saa, sijui tungefika wapi.

Alikuja kusuka rasta ndogondogo, kichwa cha kushinda, kwa hiyo tulimgawana, Spika kulia na mimi kushoto. Ni mwanamke mpole, mwenye sauti ya kanisani. Tulipofika katikati ya kichwa akamwambia Spika polepole, watu wa ng'ambo wasisikie, kwamba anamwonea fahari. Akasema, “Mimi mume wangu angekosa kulipia nyumba miezi mitatu ningekuwa nimeshapagawa. Wewe unacheka tu. Una moyo, dada.”

Spika akamuuliza nyumba ya nani.

Mwanamke akainua macho kwenye kioo. Tulikuwa watatu mle kwenye kioo, na nilimwona anamtazama Spika, halafu ananitazama mimi, halafu uso unamshuka. Akaanza kusema kwamba labda amechanganya, mumewe naye huwa anatia chumvi, ni habari za yule jamaa. Akaishia hapo. Hakuna aliyemsaidia kuendelea.

Nikwambie, niliziona habari zikiingia. Hazikuingia mara moja. Spika aliendelea kusuka, kidole juu kidole chini, ila alikuwa haweki nywele za kuongezea, anasuka tu zile chache za mteja mwenyewe, rasta inatoka nyembamba mno. Nikamgusa mkono. Akaitazama, akaifumua, akaanza upya. Ng'ambo kaka alikuwa akimwambia mtu ainamishe kichwa. Mtu mmoja kwenye benchi, ambaye hakujua kinachoendelea, akauliza kama Spika leo betri imekufa. Tukamaliza kile kichwa chote. Spika alichovya ncha kwenye maji ya moto mwenyewe, akazikausha kwa taulo, akapokea hela, akarudisha chenji, akamsindikiza mteja mlangoni na kumwambia karibu tena. Mwanamke yule alikuwa analia, si Spika.

Tulipobaki wawili alikaa kwenye kiti cha mteja, akageuzia kioo mgongo. Akaniuliza kwa kunong'ona, na sikuwahi kujua kwamba anaweza kunong'ona, kama wale wote walikuwa wanajua. Nikasema nadhani ndiyo. Akauliza hata siku ile ya dalali aliyeoa. Ningeweza kumdanganya. Nikasema hasa siku ile.

Aliweka viganja usoni. Deni lenyewe halikumchoma kiasi kile, na ananiruhusu kulisema hili. Kilichomchoma ni vile vikohozi. Kila asubuhi alikuwa anasimama pale anapiga kelele, na watu wazima kumi upande wa pili wanaangalia viatu vyao kwa kumwonea huruma. Alisema ni afadhali ya magodoro nje. Siku ile ya magodoro angalau hakuwa yeye aliyekuwa anapiga kengele.

Mimi hasira zilinipanda. Nilivua aproni nizunguke nikampe kaka za uso, yeye na uongo wake wa siku ya posa, yeye na daktari wake wa kutembea. Spika akanishika mkono. Akasema, “Ukienda utamsema mbele ya benchi. Mimi nimeshamvua nguo mbele yao, wifi. Kaa chini.” Nikakaa.

Yaliyotokea nyumbani kwao jioni ile alinisimulia yeye. Alimngoja sebuleni. Kaka alipoingia na begi la mashine akamwona uso, akaliweka begi chini taratibu, akasema yote bila kuulizwa. Usifikiri Spika alikuwa malaika. Alimwambia kwamba amemdanganya baba yake mpaka kaburini. Alimwambia kwamba amemfanya awaringie watu miaka yote kwa kitu kisicho chake. Kaka hakujitetea. Alisema aliogopa kumkosa, kisha akaogopa kumwambia kwamba aliogopa, na miaka ikapita hivyo. Akalala sebuleni, na asubuhi kila mmoja akaja kazini kwa njia yake.

Siku zile dukani hazikuwa na sauti. Feni tu. Wateja walidhani tumefiwa. Spika alikuwa anasuka na kuwaza, na mwisho akaniuliza waziwazi, asaini au asisaini. Akasema akisaini, anatia jina lake mahali palepale baba yake alipotia lake, tena kwa kutaka. Asiposaini, nyumba itaondoka na yeye atakuwa msafi, na watoto wake wawili watasimama nje na masufuria wakiwa na mama msafi. Nikamwambia mimi ni dada wa mume, asiniulize. Akasema ananiuliza mimi kama mwanamke mwenzake, udada wa mume niuweke pembeni. Nikasema, basi saini. Akanisonya, na sikujua ni kwa kukubali au kwa kukataa.

Keshoye katikati ya kichwa cha mtu akaniachia kitana, akatoka nje, akazunguka. Hakuwahi kuingia upande ule watu wakiwemo. Niliwasikia wanaume wakinyamaza mmoja mmoja. Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya kaka, mikono ina mafuta, na kaka ameshika mashine inayonguruma hewani. Akamwambia, “Baba watoto, vaa shati lile safi. Twende benki.” Fundi saa akajifanya anaangalia saa. Yule aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akasema kwamba yeye hana haraka, atasubiri.

Mimi walinichukua kwa sababu Spika alisema anataka mtu wa kumshika mkono njiani, na hataki kushikwa na kaka.

Ilikuwa ile benki ya pili, yenye riba nafuu. Tulipewa karatasi ya namba, tukakaa kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa, mtu mmoja akitikisika wote mnatikisika. Spika alitikisika na sisi tukatikisika naye. Hakuwa ameingia benki kwa habari ya mkopo maisha yake yote. Alikuwa akiwatazama watu waliokaa nasi kwa kujiiba, nadhani alikuwa anatafuta mtu anayemjua. Alijifunika khanga kichwani ingawa ndani kulikuwa na baridi ya mashine na si jua.

Tukaitwa. Ofisa wa mikopo alikuwa binti mwenye adabu, kasukwa vibaya upande wa kisogo, na hata katika hali ile nilimwona Spika anakiona kisogo hicho binti alipogeuka kuchukua faili. Kaka akaeleza. Binti akaandika jina kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena. Akasema anamkumbuka. Akasema barua ya kumkubalia waliitoa wakati ule, ilikuwa imebaki saini ya mke tu.

Spika akasema yeye ndiye mke, na amekuja kusaini.

Binti aliirudia kompyuta yake. Halafu akatueleza, na alieleza vizuri, sina la kumlaumu. Wakati ule kaka alikuwa hajakosa hata mwezi mmoja. Sasa amekosa mitatu, na inaonekana, benki zote zinaona. Benki yake haichukui mkopo uliolala. Akatushauri turudi kwenye benki ya zamani, tuwaombe watupangie upya. Kwa kawaida wanakubali, nyumba haiendi mnadani kesho. Lakini ile miezi itaongezwa juu ya deni, miaka itaongezwa, na riba itabaki ileile ya juu. Kaka akauliza, kwa mfano, mpaka lini. Binti akapiga hesabu, akageuza kompyuta tuone wenyewe. Kaka atakuwa mzee. Watoto watakuwa na watoto.

Nilikuwa naitazama mikono ya Spika, imeshika mkoba mdogo ambamo alikuwa ametia kalamu yake mwenyewe, ya wino wa bluu, kwa sababu hakutaka kusaini kwa kalamu ya watu.

Binti akasema inasikitisha, kwani wakati ule kila kitu kilikuwa tayari. Akauliza, nadhani kwa kujaza tu kimya, kama mama alikuwa amekataa kusaini, maana inatokea, wengine wanaogopa.

Kaka akawahi. “Hapana,” alisema. “Yeye hakujua chochote. Mimi ndiye niliyechelewa.”

Na hiyo ilikuwa kweli. Spika angeinyamazia tu ile kweli, ingemfunika mwili mzima. Aliyedanganya ni kaka, aliyeficha ni kaka, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu yeye. Mimi mwenyewe nilishusha pumzi, nikajua yamekwisha, tuinuke twende zetu. Binti alikuwa ameshaanza kufunga faili.

“Aliniuliza,” Spika akasema.

Ilikuwa sauti ndogo kiasi kwamba binti alilazimika kuinama mbele. Kaka akamgeukia, akamwambia mama watoto, acha. Hakuacha. Alisema tena kwamba aliulizwa, aliulizwa vizuri, kabla hajakosa hata mwezi mmoja.

Binti akatutazama wote watatu, asielewe. Akamuuliza kwa upole, “Na wewe ulimjibu nini, mama?”

Spika aliitoa ile khanga kichwani, akaiweka mabegani.

“Niliwachekesha watu,” alisema.